Debe na Mtungi: Safari Mbili za Vyombo vya Mafuta Lamu

Mwulize muuza nafaka yeyote wa Lamu debe ni nini, atakujibu kuwa ni kipimo. Kuna debe la mahindi, debe la pojo, na debe la chokaa kwa fundi anayejenga. Mafuta ya taa hayatamjia akilini, ilhali ndiyo hasa yaliyolileta debe. Bati lile la pembe nne liliingia pwani hii katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 likiwa limejaa mafuta ya taa ya Marekani. Mabati hayo yalipangwa mawili mawili katika sanduku la mbao, kila moja likichukua galoni tano za Kimarekani, karibu lita 19. Jina lilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi, ambao kwao dabba ni kopo au kasha. Mafuta yalipokwisha bati lilibaki, na watu wakaona ni israfu kulitupa. Likateka maji kisimani, likapima mtama, likakunjuliwa kuziba paa, na fundi wa mabati akalikata akatengeneza koroboi. Chombo kilichoundwa kwa kazi ya hatari kikahamia kwenye kazi za salama. Miongo kadhaa baadaye chombo kingine kilisafiri njia hiyohiyo kinyumenyume. Mtungi wa plastiki wa lita 20, ule wa manjano ambao bara huitwa jerikeni na Tanzania dumu, uliundwa kuchukua mafuta ya kupikia. Mafuta yalipokwisha ukatiwa petroli, na leo ndio unaoendesha nusu ya maisha ya visiwani. Hoja yangu ni kwamba hatari ya moto wa mafuta Lamu haikuletwa na ujinga wa watu wala na plastiki yenyewe. Imeletwa na safari hii ya pili ya chombo, na kanuni zetu hazijaitia maanani kwa sababu ziliandikwa kwa ajili ya nchi yenye barabara.

Tuanze kabla ya mafuta ya taa, kwa kuwa Lamu ilikuwa mji wa mafuta zamani kabla ya Marekani kuchimba kisima cha kwanza cha petroli. Mashamba ya bara, mkabala wa visiwa, yalitoa simsim kwa wingi, na katika karne ya 19 simsim ya Lamu ilisafirishwa mpaka Marseille, Ufaransa. Iliyobaki ilisagwa papa hapa mjini katika kinu kilichozungushwa na ngamia aliyefungwa macho. Mafuta hayo na ya nazi ndiyo yaliyopika chakula na kuwasha taa. Wenye vyombo walikuwa na mafuta yao mengine, sifa ya papa, waliyopaka mbao za jahazi zisipasuke kwa jua. Haya yote yana tabia moja ambayo watu wa zamani waliijua bila kuhitaji kuipima: hayashiki moto ovyo. Mafuta ya simsim hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka yapashwe moto mkali sana, kupita nyuzi 200 za Selsiasi. Kijiti kinachowaka kikitumbukizwa ndani ya chungu cha mafuta hayo yaliyopoa, huzimika. Bila utambi hakuna taa. Ndiyo maana nyumba ya mawe yenye boriti za mikoko darini iliweza kuweka mitungi ya mafuta katika chumba cha ndani, na hakuna aliyehitaji kutunga amri juu ya jambo hilo.

Kilichoogopwa ni moto wenyewe, na palipoogopewa ni paa. Mkomani, upande wa kaskazini wa mji, palijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene za kuzuia joto na moto kwa pamoja. Langoni, upande wa kusini, palikuwa na nyumba nyingi za udongo na makuti, na makuti yaliyokaushwa na kaskazi hayangoji kubembelezwa. Ukitembea Usita wa Mui, njia kuu ya mji, hata leo utaona jinsi mji ulivyojilinda: nyumba na nyumba hutenganishwa na ukuta, daka hutenganisha mlango na njia, na kiwanda, yaani uwanja wa wazi katikati ya nyumba, huacha hewa na moshi utoke juu. Huo ndio uliokuwa mfumo wa usalama wa mji, na ulikuwa mzuri. Ulijengwa dhidi ya moto unaotoka juu, wa cheche na makuti. Haukujengwa dhidi ya kitu kinachotambaa chini, kwa sababu kitu hicho kilikuwa bado hakijafika.

Mafuta ya taa yalikuwa ya kwanza kuuvuruga utaratibu huu, na ndiyo yaliyoleta sheria. Uingereza, ambako taa za mafuta hayo zilikuwa zikiua watu majumbani, ilitunga sheria ya petroli mwaka 1871, ikairekebisha mwaka 1879 kwa kutumia kifaa cha mkemia Frederick Abel. Kifaa hicho hupasha mafuta polepole ndani ya kikombe kilichofunikwa, kisha huchungulisha mwali mdogo kuona mvuke utashika moto kwenye joto gani. Sheria ikaweka mpaka kwenye nyuzi 73 za Farenhaiti, karibu 23 za Selsiasi. Yaliyoshika moto chini ya hapo yalikuwa ya hatari na yalihitaji leseni na ghala maalumu, na yaliyovuka hapo yaliuzwa kama siki. Sasa tupime mpaka huo kwa Lamu. London, nyuzi 23 ni siku nzuri ya kiangazi. Lamu, hata usiku wa kusi, joto hushuka chini ya hapo kwa nadra. Maana yake ni kwamba mafuta ambayo mpaka ule uliyaita salama katika ghala la London yangeweza kuwa tayari yanatoa mvuke wa kuwaka ndani ya duka la Langoni saa sita ya mchana. Usalama ulipimwa kwa hali ya hewa ya watu wengine. Baadaye viwango vilipanda, na mafuta ya taa ya leo yanatakiwa yasitoe mvuke wa kushika moto chini ya nyuzi 38. Lakini hili la kupimia usalama wa hapa kwa hali ya kwingine litarudi tena, na litarudi kubwa zaidi.

Pamoja na upungufu huo, debe lenyewe lilikuwa ulinzi. Lilikuwa la chuma kilichopakwa bati, limezibwa kwa risasi, na halikurudi kiwandani kujazwa mara ya pili. Aliyenunua mafuta alinunua na chombo chake kipya. Ukweli huu unaonekana vizuri katika kisa cha Marcus Samuel, mwasisi wa Shell. Mwaka 1892 alipitisha meli yake Murex katika Mfereji wa Suez ikiwa na mafuta ya taa ya Urusi ndani ya matangi makubwa, akitumai kuwashinda Wamarekani wa Standard Oil kwa bei. Huko Asia biashara yake ilisita. Watu hawakutaka mafuta matupu, walitaka na bati, kwa kuwa bati la bluu la Mmarekani lilikuwa na kazi mia moja nyumbani. Samuel akalazimika kuagiza mabati na kutengeneza madebe yake mwenyewe, akayapaka rangi nyekundu. Mnunuzi wa pwani yetu alikuwa na akili ileile. Kwa mwenye kujali usalama, kisa hiki kina funzo ambalo limesahauliwa: wakati wa debe, gharama ya chombo kizuri ilikuwa ndani ya bei ya mafuta, na aliyeibeba alikuwa muuzaji. Hakuna mvuvi aliyeambiwa ajitafutie chombo.

Petroli ni kiumbe kingine kabisa. Mafuta ya taa yanahitaji nyuzi 38, lakini petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Hapa kwetu pwani, basi, hakuna saa ambayo haiko tayari. Na mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo haupandi ukapotea. Unashuka, unatambaa sakafuni, unateremka ngazi, unatua kwenye mtaro. Debe ambalo lilifaa kwa mafuta ya taa halikuweza kuzuia kitu hiki, na ushahidi mkubwa wa hilo ulitoka jangwani Libya na Misri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jeshi la Uingereza lilisafirisha petroli yake katika mabati membamba ya galoni nne za Kiingereza, ambayo kwa ukubwa na umbo ni ndugu wa debe letu. Yalivuja, yakapasuka kwa mitikisiko ya malori, na Jenerali Auchinleck alikadiria kuwa karibu asilimia 30 ya mafuta yalipotea kati ya ghala na uwanja wa vita. Upande wa pili, Wajerumani walikuwa na kopo walilolibuni mwaka 1937 mahususi kwa petroli: lita 20, vipande viwili vya chuma vilivyochomelewa, vishikio vitatu ili watu wawili waweze kupokezana, kifuniko cha komeo, na nafasi ya hewa iliyoachwa juu ili mafuta yakitanuka kwa joto yasipasue chombo. Waingereza waliyateka makopo hayo, wakayaiga, wakayaita kwa jina la utani walilowaita Wajerumani, Jerry. Ndipo likapatikana neno jerikeni. Kila kitu katika kopo lile kiliwekwa kwa sababu ya petroli. Mtungi wa manjano tunaouona leo umerithi jina na umbo la mkono wa kushikia, na haukurithi sababu hata moja.

Plastiki yake, polithini, iligunduliwa Uingereza mwaka 1933, na aina ngumu inayofaa mitungi ilianza kutengenezwa kwa wingi baada ya ugunduzi wa Karl Ziegler mwaka 1953. Mtungi ulifika Afrika Mashariki ukiwa na mafuta ya kupikia, ukafanya kama debe lilivyofanya: kilichomo kilipokwisha haukutupwa. Kwa wabeba maji, hasa wanawake, ulikuwa rehema, kwa kuwa ni mwepesi, haukati mkono wala haupati kutu. Laiti ungeishia kisimani. Lakini Lamu ya nusu ya pili ya karne ya 20 ilikuwa inabadilisha tanga kwa injini. Jahazi iliyokwenda Kiunga kwa upepo ikageuka boti ya mashine. Mvuvi wa Kizingitini au Ndau, aliyehitaji tanga na pondo, sasa alihitaji lita kadhaa za petroli kwa kila safari, zikichanganywa na oili kwa injini ndogo za kuning'inia tezini. Barabara ya lami inaishia Mokowe, kwenye gati ya bara, na kutoka hapo kila tone la mafuta huvuka maji. Kwenda Faza, Siyu, Mkokoni au Kiunga huvuka maji mengi. Mji wa Lamu ulikuwa mji wa punda, ambao gari la mafuta halikuweza kuingia hata kama lingetaka. Katika mazingira hayo pipa la lita 200 ni zito mno kwa mtu mmoja kulipandisha ngazi za gati, na tangi la chini ya ardhi ni ndoto kwa kijiji kilichojengwa juu ya mchanga na mwamba. Kilichobaki ni mtungi. Mtu mmoja anaubeba, punda anabeba minne, na ukianguka baharini unaelea. Ningekuwa mvuvi ningeuchagua.

Lakini tuuangalie kwa karibu ukiwa kazini. Petroli inamiminwa kwa mpira kutoka pipani, na ncha ya mpira inaning'inia juu, haigusi kitu. Mafuta yanayotiririka huzalisha umeme tuli, na ndani ya chombo cha chuma kilichosimama ardhini umeme huo hukimbilia chini. Ndani ya plastiki hauna pa kwenda, unajikusanya. Kifuniko, ambacho kilitengenezwa kuzuia mafuta ya kupikia, si kitu mbele ya mvuke, kwa hiyo watu huweka kipande cha mfuko wa plastiki chini yake ili kikaze. Mtungi unaachwa juani, na baada ya saa moja mbavu zake zimefura kama tumbo la bunju. Jioni unapoa, unabonyea. Kufura na kubonyea huku, siku baada ya siku, pamoja na jua linalokausha plastiki, huufanya upasuke pembeni, mara nyingi kwenye mshono wa chini, mahali pasipoonekana. Hata ukiwa mzima, petroli hupenya taratibu katika kuta za polithini ya kawaida, ndiyo maana chumba chenye mtungi uliofungwa vizuri bado kinanuka. Na siku moto ukifika, pipa la chuma husimama kwa muda, likampa mtu nafasi ya kukimbia. Polithini huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, ikaachilia lita zote 20 sakafuni kwa pamoja. Weka mtungi huo katika nyumba ya Mkomani, ile niliyoisifu. Kuta nene zinazozuia moto wa jirani sasa zinauzuia mvuke usitoke. Mvuke unashuka kiwandani, ambako jiko linawaka. Nyumba iliyojengwa kwa hekima kubwa dhidi ya adui mmoja inamhifadhi adui mwingine.

Sheria ilikuwa wapi? Ilikuwapo. Kenya ilirithi kutoka ukoloni Sheria ya Petroli, Sura ya 116, ambayo ilifutwa na Sheria ya Kawi ya 2006. Ikaja Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kisha mwaka 2019 Sheria mpya ya Kawi na Sheria ya Petroli, na pamoja nazo Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Ukizifuatilia utaona uzito wake uko wapi: leseni ya kituo, tangi la ardhini, lori la kusafirishia, ubora wa mafuta yasichanganywe. Hata ushuru wa shilingi 18 kwa lita uliowekwa mwaka 2018 kwa mafuta ya taa ulilenga wachanganyaji wanaoyatia kwenye dizeli. Hayo yote ni mambo ya haki. Ila yote hufikia mwisho wake kwenye pampu. Baada ya pampu kunadhaniwa kuna gari lenye tangi lake, na huko mafuta yanaingia katika chombo ambacho kiwanda cha magari kimekwisha kukichunga. Lamu baada ya pampu kuna mtungi, na safari ya saa mbili baharini, na usiku ndani ya nyumba yenye watoto. Ni kile kipimo cha nyuzi 23 kimerudi, usalama unaopimwa kwa maisha ya mahali pengine.

Nchi zilizolishughulikia suala la plastiki zilikwenda kwa hofu kubwa, na mwendo wao unafundisha. Uingereza, yenye viwanda na vikosi vya zimamoto kila mtaa, haikuruhusu petroli kuwekwa katika chombo cha plastiki ila kwa kanuni maalumu za mwaka 1982, na hata hapo ilikuwa chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo na kisichozidi lita tano. Kanuni zake za 2014 zilipandisha hadi lita 10 kwa plastiki na 20 kwa chuma, na nyumba ya kawaida hairuhusiwi kuweka zaidi ya lita 30 kwa jumla bila kuwaarifu wakuu. Umoja wa Mataifa, katika kanuni zake za kusafirisha bidhaa hatari, unataka mtungi wa plastiki wa kubebea vitu kama petroli ufanyiwe majaribio ya kuangushwa na kupandanishwa, upigwe chapa, na usitumiwe kwa kazi hiyo zaidi ya miaka mitano tangu ulipotengenezwa. Miaka mitano. Visiwani kuna mitungi iliyowazidi umri watoto wanaoibeba.

Wapo watakaosema: mbona hatujaungua? Petroli imelala majumbani kwa miaka mingi, na miji ya Lamu bado imesimama. Hoja hii si ya kudharauliwa, kwa kuwa imejengwa juu ya kweli. Watu wa visiwani wana uangalifu mkubwa na mafuta, na baharini mvuvi hajasahau kuwa hana pa kukimbilia. Lakini kutoungua hakupimi hatari, kunapima bahati na uangalifu kwa pamoja, na havitenganishiki mpaka siku moja kimojawapo kikosekane. Tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka na watu wakaenda na mitungi yao kuchota. Zaidi ya watu 100 walikufa. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, hali ilikuwa hiyohiyo na waliokufa pia walizidi 100. Najua kuwa hayo yalikuwa mafuta yaliyomwagika barabarani, wala si ghala la nyumbani, na sipendi kuyatumia kama kwamba ni kitu kimoja. Ninachotoa humo ni jambo dogo: moto wa petroli huweza kumfikia hata aliye mbali na tone la mafuta lililowaka kwanza. Mvuke ndio unaoupeleka. Usita wa Mui, ambako watu wawili hupishana kwa kugeuza mabega, umbali wa namna ile haupo kabisa.

Wengine watasema kinyume: sheria ipo, watu ni wakaidi, na dawa ni polisi kukamata mitungi. Hawa nawapinga kwa nguvu zaidi. Kukamata mtungi wa mvuvi bila kumpa chombo kingine ni kumkamata yeye na kazi yake. Na kuna jambo ambalo wakazi wa bara hawalioni: chuma, ambacho vitabu vya usalama hukisifu, kina adui mkubwa pwani. Chumvi hukila. Kopo la chuma lisilotunzwa, likilowa maji ya bahari kila siku, hutoboka, na tundu la kutu ni hatari kuliko plastiki mpya. Ndiyo maana watengenezaji wa boti duniani kote wamehamia kwenye matangi ya plastiki, yale mekundu yenye mshipi wa mafuta na tundu la kupumua, yaliyotengenezwa kwa plastiki iliyotiwa kinga ili petroli isipenye. Plastiki, kwa hiyo, inafaa bahari. Kisichofaa ni plastiki iliyoazimwa kutoka jikoni. Kanuni inayopiga marufuku plastiki yote itavunjwa Kizingitini siku ileile inapotangazwa, na itavunjwa na watu wenye akili timamu.

Limebaki pingamizi la bei, nalo ndilo zito. Mtungi wa mafuta ya kupikia uliokwisha kutumika haugharimu karibu chochote, ilhali chombo chenye chapa kinaweza kumla mvuvi mapato ya siku kadhaa. Kumwambia anunue ni kusema maneno tu. Hapa ndipo debe linaporudi kutusaidia, na pamoja nalo mtungi mwingine ulioko katika jikoni nyingi za Lamu, wa gesi. Hakuna mtu anayeazima chombo cha gesi. Unaupeleka mtungi mtupu, unapewa uliojazwa, na tangu kanuni za gesi za 2009, na tena za 2019, kilichotakiwa ni kwamba mtungi uwe na mwenyewe, na mwenyewe huyo aukague na kuujibia. Gesi ni ya hatari kama petroli, tena inauzwa kwa watu walewale wenye kipato kilekile. Tofauti ni kwamba katika gesi mnunuzi analipia kilichomo, na muuzaji anawajibika kwa chombo. Ndivyo ilivyokuwa kwa debe katika karne ya 19 bila sheria yoyote, kwa sababu ya biashara peke yake. Petroli ndiyo bidhaa ya moto tunayouza huku tukimwambia mnunuzi alete anachojua.

Kwa hiyo mageuzi ninayoyaona ya haki yana sura hii. Anayepewa leseni ya kuuza petroli Lamu, Faza, Kizingitini au Kiunga apewe kwa sharti la kuwa na vyombo vyake vilivyopigwa chapa, vya lita 10 badala ya 20, anavyovibadilisha kwa dhamana kama mitungi ya gesi, na kuviondoa vinapotimiza miaka mitano. Kijiji kipate kibanda cha mafuta chenye paa la bati na kuta zenye matundu chini na juu, upande upepo unakoelekea, mbali na makuti na msikiti na madrasa, ambamo kila mwenye boti anaweka mafuta yake usiku badala ya kulala nayo. Wavuvi wamekwisha kujipanga katika vikundi vya kusimamia fukwe zao, na mtunza ufunguo hahitaji kutafutwa mbali. Sharti hili litawagharimu wauzaji, nao wataliweka kwenye bei, na kila lita itapanda kidogo. Sioni aibu kulisema hilo, kwa sababu hata leo bei hiyo inalipwa, ila wanaolipa ni wale wanaolala chumba kimoja na mtungi.

Tarehe 20 Mei 2021 gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa upande wa bara, katika mradi wa LAPSSET unaotarajiwa siku moja kuleta bomba la mafuta ghafi mpaka hapa. Bomba hilo litakapojengwa litakuja na wahandisi, vali, vipimo na wakaguzi, kama inavyopasa. Visiwa vilivyo mbele yake vitastahili angalau uangalifu wa namna hiyo kwa lita 10.

Msomaji mwenye boti, au mwenye jirani mwenye boti, hahitaji kungoja bunge kwa jambo moja. Pindua mtungi, utazame kitako na ubavu wake. Uliotengenezwa kwa kazi ya petroli una alama ya Umoja wa Mataifa, herufi u na n ndani ya duara, na mwezi na mwaka wa kutengenezwa umepigwa kwenye plastiki. Usipoiona alama hiyo, au ukakuta miaka mitano imepita, mtungi huo si wa petroli.